Betri ikivimba si kwamba imeshiba

NILIONDOKA Rumonge mwaka 2015 mikono mitupu. Tulivuka mpaka hadi Kagunga, tukapelekwa Kigoma na MV Liemba. Niliporejea mwaka 2018 nilikuja na kazi moja niliyojifunzia kambini, nayo ni kuchaji betri.

Hapa mwaloni kazi hiyo haikosi wateja. Ndagala, ambao wenzetu wa Kigoma huwaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku za giza la mwezi. Zamani zilitawala karabai. Siku hizi taa za LED zimeshika nafasi, nazo zinataka betri.

Betri iliyonitia hasara niliinunua sokoni ng'ambo ya mpaka. Ilikuwa lithiamu polima, ile laini kama pakiti ya maziwa, inayotengenezwa kwa ajili ya ndege za kuchezea na zile ndogo za kupigia picha. Juu yake iliandikwa 3S, 11.1V, 5000mAh. Haikufika nusu kilo, lakini ingewasha taa ya wati 10 kwa saa karibu tano. Nikajiona mjanja.

"Kaka, hiyo ni volti 12 tu, chaji kwa chaja yoyote," muuzaji aliniambia.

Nikaitia kwenye chaja ya betri za gari, nikalala. Alfajiri niliikuta imevimba kama andazi. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na kukatika huko ambako kila siku tunakulaani ndiko kulikotuokoa. Galoni la petroli ya boti lilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na chumba cha pili walilala wanangu.

Kosa lilikuwa la hesabu. 3S maana yake ni seli tatu zilizofuatana. Kila seli ya lithiamu polima ikijaa hufika volti 4.2, hivyo tatu ni volti 12.6. Chaja ya gari hupanda hadi volti 14.4 hivi. Gawa kwa tatu, utapata 4.8 kwa kila seli. Niliitoa kwa koleo, nikaiweka mchangani mbali na nyumba. Jirani alishauri tuitoboe itoe hewa. La hasha! Kuitoboa ni kuuita moto.

Sasa wewe unayevuka Mugina au Kabonga na mzigo wako, utazame nini? Chaja iwe imeandikwa LiPo, ikuruhusu kuchagua idadi ya seli, na iwe na tundu la ile plagi ndogo nyeupe ya betri. Betri ya 3S huwa na nyaya nne nyembamba kwenye plagi hiyo, na kupitia hizo chaja huipima kila seli peke yake. Isiyo na tundu hilo, mwachie muuzaji.

Kisha kasi. 5000mAh ni ampea 5 kwa saa moja, basi ichaji kwa ampea 5. Hiyo ndiyo huitwa 1C, na itajaa kwa saa moja na ushei. Namba kubwa ya 30C au 50C iliyochapwa juu ni ya kutoa umeme, si ya kuingiza. Wengi wameponzwa hapo. Wati nazo uzizidishe mwenyewe: ampea 5 kwa volti 12.6 ni wati 63, kwa hiyo chaja ya wati 50 itakupa ampea 4 tu, hata boksi liseme nini.

Shida ni kwamba umeme ukirudi saa kumi jioni, mvuvi tayari amesimama mlangoni. "Ndugu, jua linazama, niongezee kasi." Zamani ningeongeza. Sasa nina betri mbili kwa kila mteja, moja ikienda ziwani nyingine inachajiwa taratibu.

Mbalamwezi inapokuwa kubwa na kazi ya taa ikapungua, siziachi zimejaa. Nazihifadhi kwenye volti 3.8 kwa seli. Na taa izimwe kabla seli haijashuka chini ya 3.3, king'ora kidogo kinachochomekwa kwenye plagi ile nyeupe hulia chenyewe.

Mwenye mtaji zaidi anunue lithiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo ni nzito kidogo lakini haishiki moto kirahisi. Nayo ina chaja yake, ya volti 14.6 kwa seli nne. Wateja wangu wawili wameshahamia huko. Waliobaki betri zao nazichajia nje, ndani ya ndoo ya mchanga.