Ororo: Historia ya Kubuni ya Shujaa wa Kike na Kenya Iliyobuniwa Pamoja Naye

Miongoni mwa mashujaa wa kike wanaojulikana sana katika hadithi za picha za Marekani yumo mmoja ambaye mama yake ni Mkenya. Jina lake ni Ororo Munroe, na jina lake la kishujaa ni Storm, yaani dhoruba. Alitokea kwa mara ya kwanza mwaka wa 1975 katika kitabu Giant-Size X-Men, kilichotolewa na kampuni ya Marvel ya New York. Waliombuni ni mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Tangu hapo maisha yake yamesimuliwa na waandishi wengi, kila mmoja akiongeza, akipunguza au akigeuza. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi historia hiyo ya kubuni ilivyojengwa, na mambo ambayo mtaalamu wa lugha na fasihi za Kiafrika anaweza kuyaona ndani yake.

Asili ya Shujaa

Katika kitabu cha 1975 Ororo anaonekana Kenya, ambako wanakijiji wanamwabudu kama mungu na kumwomba mvua. Profesa Xavier, kiongozi wa kundi la X-Men, anamjia na kumweleza kwamba yeye si mungu bali ni binadamu aliyezaliwa na uwezo usio wa kawaida, kisha anamwomba ajiunge na kundi lake. Wasifu kamili ulitolewa mwaka wa 1976 na Chris Claremont, mwandishi aliyeendelea kuzitunga hadithi za X-Men hadi 1991. Kwa mujibu wa wasifu huo, mama yake Ororo ni N'Dare, binti wa mtawala wa kabila moja la Kenya, na baba yake ni David Munroe, mpiga picha wa magazeti na Mmarekani mweusi. Mtoto alizaliwa New York, akapelekwa Cairo akiwa bado mchanga. Wakati wa vita vya Suez vya 1956 ndege iliangukia nyumba yao. Wazazi walikufa, na mtoto akafukiwa kifusini kando ya maiti ya mama yake. Alipookoka alifunzwa wizi katika mitaa ya Cairo, na alipokaribia kubalehe alishika njia ya kusini kwa miguu hadi akafika nchi ya wazee wake.

Suala la Majina

Katika hadithi hizo inaelezwa kwamba jina Ororo maana yake ni uzuri, lakini msomaji wa Kiswahili hulisikia kwa namna nyingine. Mzizi -ororo katika Kiswahili una maana ya kitu laini, kisicho kigumu, kama katika maneno nyororo na mwororo. Ulaini na uzuri ni dhana zinazokaribiana, hasa katika kumsifu mwanamke, lakini si dhana moja. Kufanana huko hakutoshi kuthibitisha kwamba waliombuni shujaa huyu walichota kutoka Kiswahili. Kinachothibitika ni kwamba jina lilipewa maana bila kutajwa kuwa ni la lugha gani.

Jina la mama lina tatizo jingine. Katika Kiswahili na katika lugha nyingi za Kibantu za Kenya, sauti nd huandikwa bila alama yoyote katikati, kama katika ndege, ndoto na ndizi. Kwa upande wa Kiswahili, alama ya ritifaa huhitajika katika ng' pekee, kama katika ng'ombe na ng'ambo. Tahajia ya N'Dare inafanana zaidi na ile ya nchi zilizotawaliwa na Ufaransa, mathalani N'Djamena. Mama Mkenya, basi, amepewa jina lililovaa tahajia ya mahali pengine. Fauka ya hayo, kabila lake halikutajwa jina katika wasifu wa 1976. Jambo hili si dogo, maana mtu asiye na kabila wala lugha hana methali, hana nyimbo, wala hana namna ya kuamkiana na wazee wake.

Kenya ya Kubuni

Mwaka wa 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumiwe Bungeni. Mwaka uliofuata wasomaji wa Marekani waliletewa Kenya ya vijiji vinavyomsujudia mwanamke wa ajabu kwa ajili ya mvua. Si kwamba waleta mvua hawako. Katika Bunyore, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi unajulikana kwa kazi hiyo, na wazee wake wamewahi kushirikiana na wataalamu wa hali ya hewa wa serikali. Lakini mleta mvua wa namna hiyo si mungu. Ni mjuzi aliyerithi elimu ya miti, upepo na wadudu, naye huwajibika kwa jamii yake. Hadithi ya 1975 iliondoa elimu ikabakiza miujiza. Hapo ndipo palipo kasoro yake kubwa: iliwanyima wanakijiji akili ili kumtukuza shujaa.

Udhaifu wa Shujaa

Hata hivyo, kuna jambo linalomsogeza Ororo karibu na mashujaa wa fasihi simulizi ya Kenya. Fumo Liongo hakuweza kuuawa ila kwa kuchomwa kitovuni. Luanda Magere wa Wajaluo nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake. Kila mmoja wao aliangamia siri yake ilipofichuliwa na mtu wa karibu. Ororo naye ana udhaifu, nao ni hofu ya mahali pafinyu, iliyomwingia siku alipofukiwa kifusini. Tofauti ni kwamba udhaifu wa Liongo na Magere umo mwilini au kivulini, na adui huutafuta kwa hila. Udhaifu wa Ororo ni kumbukumbu ya msiba, naye huishi nao bila kufa. Mwaka wa 1984 alinyang'anywa uwezo wake wote, na mwaka wa 1986, akiwa bado hana uwezo huo, alimshinda mwenzake Cyclops katika shindano la kugombea uongozi wa X-Men. Kwa tukio hilo Claremont alitenganisha ushujaa na miujiza, jambo ambalo hadithi ya kwanza haikulifanya.

Historia Isiyotulia

Mwaka wa 2006 Ororo aliolewa na T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, na mwaka wa 2012 ndoa hiyo ikavunjwa. Mwaka wa 2021 alikabidhiwa utawala wa sayari ya Mirihi, iliyopewa jina la Arakko. Wakati huo wote umri wake haukuongezeka sana, ingawa mtoto aliyefiwa na wazazi mwaka wa 1956 angekuwa bibi mzee. Ili azidi kuwa kijana, tarehe ya vita vya Suez imelazimika kuachwa. Fasihi simulizi hufanya vivyo hivyo: wataalamu hutofautiana kuhusu karne aliyoishi Liongo, lakini masimulizi yenyewe hayasumbuliwi na tofauti hiyo. Tofauti iliyopo ni ya umilikaji. Liongo ni mali ya kila anayemsimulia, ilhali Ororo ni mali ya kampuni, na mabadiliko ya maisha yake huidhinishwa ofisini.

Mwaka wa 2024 mfululizo mpya wa hadithi za Storm ulianza kutolewa, ukiandikwa na Murewa Ayodele wa Nigeria. Si haba kwamba kalamu imefika mikononi mwa Mwafrika. Lakini suala la lugha halimalizwi na uraia wa mwandishi. Msomaji aliyezoea Juha Kalulu wa Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo anajua kwamba mhusika wa katuni aweza kuchekesha, kukosea na kuishi kwa Kiswahili tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Ororo amepewa upepo, radi na sayari nzima. Lugha ya mama yake bado haijatajwa kama kitu kinachohitaji kujulikana, na maadamu haijatajwa, Kenya yake itabaki kuwa mandhari tu nyuma ya shujaa.