Mbele ya kununua demarere, uliza waya



Kazi yetu sisi waagronomi ni mbegu, udongo na magonjwa ya mimea. Lakini munajua vizuri: mashu iliyolimwa muzuri na haikufika sokoni ni hasara sawa na ile iliyoliwa na wadudu. Ndiyo maana mara hii tunaongea juu ya kamyo.

Wakati wa mavuno yaliyopita tulipanda milima ya Lubero kuangalia mbegu za viazi vya kizungu. Tulikuta kamyo ya zamani ya koperative moja imesimama mbele ya depo siku ya tatu, imejaa mashu ya kwenda Butembo. Ya chini ilikuwa imeanza kunuka. Tangu miezi mingi shofere alikuwa anaiegesha kwenye mteremko kila jioni, na asubuhi anaiachia ishuke paka iwake. Siku ile walipakia mahali pa tambarare, moteri ikazimwa, basi. Kamati ilikuwa imekwisha kutoa dola 180 za memba kununua demarere ingine. Ikafungwa. Kamyo ikaendelea kusema "ta!" moja tu, sawa na mbele.

Aliyetuonyesha njia ni kijana msaidizi wa shofere. Alisema: "Kila mara munageuza ufunguo, kamba ya akselerateri inachoma vidole." Kamba ile ni ya kuvuta mazutu, haina kazi ya umeme. Juu ya nini ipate moto?

Jibu ni hili. Umeme unatoka kwa batri, unapita waya mnene, unaingia demarere, na ni lazima urudi kwa batri. Njia ya kurudi ndiyo mafundi wanaita masi. Lakini moteri imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kuna mshipi wa shaba unaofunga moteri na shasi. Mshipi wa kamyo ile ulikuwa umekatika, umefichwa na matope na mafuta. Umeme ulipokosa barabara ulipita kwenye kanjia kadogo, ile kamba, na kuichoma. Tulifunga kipande cha waya mnene na kose mbili. Kamyo iliwaka mara ya kwanza. Demarere ya zamani ilipopimwa, ilizunguka bila shida. Haikuwa na ugonjwa.

Dola 180 zilitoka kwa sababu hakuna mtu aliyeuliza waya. Basi tuiulize, hatua kwa hatua.

Kwanza, usalama. Gia iwe huru, freni ya mkono ivutwe, mawe mbele na nyuma ya tairi. Mtu asilale chini ya kamyo wakati mwenzake ameshika ufunguo. Kugusisha demarere kwa bisibisi wakati gia imeingia kunaweza kuua: kamyo inaruka mbele na kumkanyaga aliye chini. Ukitaka kufungua batri, toa kwanza waya ya alama ya kutoa (−), na uirudishe ya mwisho. Pete na saa ya chuma viache mfukoni. Sigara na moto viwe mbali, kwani batri inatoa hewa inayoweza kulipuka.

Pili, sikiliza. Washa taa za mbele, geuza ufunguo.
- "Ta-ta-ta-ta" ya haraka, na taa zinafifia sana: batri imechoka ao kose ni chafu.
- "Ta!" moja ya nguvu: angalia kose, masi, waya mnene, kiisha demarere yenyewe.
- Kimya, na taa hazibadiliki: umeme wa ufunguo haufiki kwa demarere.
- Moteri inazunguka vizuri lakini haiwaki: demarere haina kosa. Moteri ya mazutu haina buji za cheche. Angalia kama mazutu inafika, na kama ile waya ndogo inayofungua mazutu kwenye pompi ina umeme wakati ufunguo umewashwa.

Tatu, batri na kose. Batri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, inaonyesha karibu 12.6. Ikionyesha 12.0, iko karibu tupu. Kamyo nyingi ziko na batri mbili zilizofuatanishwa kufanya volti 24. Pima kila moja peke yake. Na tunawaomba: musifunge redio ao chaja ya telefone kwenye batri moja tu kati ya mbili. Ile moja inachoka mbele ya mwenzake, na inaangusha zote. Kose zenye unga mweupe ao wa kijani zifunguliwe, zioshwe kwa maji ya moto, zisuguliwe na msasa, zikazwe, kiisha zipakwe grisi.

Ine, masi. Chukua waya mnene wa kuazima umeme. Ncha moja ifungwe kwenye alama ya kutoa (−) ya batri, ya pili kwenye chuma kisafi cha moteri. Jaribu tena. Kama demarere inazunguka sasa, mwenye kosa ni masi. Jaribio hili ni la dakika tano na halina bei.

Tano, waya mwembamba. Tengeneza taa ya kupimia: balbu ya taa ya nyuma na nyaya mbili. Kamyo ya volti 24 itumie balbu ya 24, kwani ile ya 12 itaungua. Ncha moja iwe kwenye masi, ya pili kwenye waya mwembamba wa demarere. Kwenye demarere nyingi mahali pale pameandikwa 50. Mwenzako ageuze ufunguo. Taa ikiwaka, umeme wa ufunguo unafika. Isipowaka, rudi nyuma pole pole: fyuzi, viungio, kontakte ya ufunguo. Mahali taa inapoanza kuwaka, kosa liko kati ya pale na pale ulipotoka. Angalia sana waya iliyofungwa na nailo ao iliyoguguliwa na panya.

Sita, waya mnene. Mahali palipoandikwa 30 pana umeme saa zote. Kama pako na umeme, waya mwembamba ni muzuri, masi ni nzuri, kose ni safi, na bado demarere haizunguki, sasa ndipo ufungue demarere na kuipeleka kwa fundi.

Kwa kamati tuko na shauri moja. Muweke daftari ya kamyo. Shofere aandike alipima nini, na alipata nini. Pesa ya kipande kipya isitoke kama ukurasa ule ni mweupe. Na yule msaidizi anayeshika kamba na kuona inachoma, mumupe neno katika mkutano. Katika Lubero yeye alijua mbele yetu wote, lakini siku tatu hakuna aliyemuuliza.