Punda wako utamwachia nani?



Mwezi huu tunaongea juu ya mwenzetu mmoja ambaye hana kadi ya mgao wala namba ya usajili, lakini kila asubuhi anatoka kazini kabla yetu. Ni punda. Hapa Kakuma familia zenye mkokoteni wa punda si nyingi kama kule Dadaab, lakini zipo, na sisi wengine tunafaidika nazo. Punda analeta madumu ya maji, kuni, mabati, na magunia siku ya mgao. Kwa ile hela ya mizigo kuna mtoto amenunuliwa daftari na sare ya shule.

Shida inakuja siku familia inapoondoka. Wengine wanarudi nyumbani, Burundi, Congo au Sudan Kusini. Wengine wanapata safari ya nchi ya tatu. Wengine hawaendi popote, ila baba ameugua, au tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2025 hawana tena hela ya majani. Punda hapandi ndege. Sasa je, utamwachia nani?

Sisi walimu wa kujitolea tuliongea na wenye mikokoteni, na pia na wazee wanaojua mifugo. Haya ndiyo tuliyokusanya.

Tafuta mapema, uza mwishoni

Wengi wanangoja mpaka wiki ya mwisho. Mnunuzi akiona mabegi yamefungwa, anajua huna nguvu ya kukataa, na bei anapanga yeye. Kwa hiyo anza kutafuta miezi kadhaa kabla, hata kama tarehe bado haijulikani.

Lakini kutafuta si kuuza. Tunakumbuka sote mwezi wa kwanza mwaka 2025. Tarehe 20 Januari rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na hata watu waliokuwa tayari na tarehe ya ndege safari zao zilifutwa. Waliokuwa wameshauza vitu vyao walibaki na mabegi tu. Aliyeuza kitanda atalala chini, atavumilia. Aliyeuza punda amepoteza kazi.

Dawa yake ni hii: ukimpata mtu mzuri, mpe punda afanye naye kazi kwa ushirika. Mapato mnagawana. Siku unayopanda basi kwenda uwanja wa ndege, hapo analipa bei mliyopatana na punda anakuwa wake. Safari ikivunjika, punda anarudi na maisha yanaendelea.

Jihadharini na watu wa ngozi

Kuna wanunuzi ambao hawataki mgongo wa punda, wanataka ngozi yake. Huko China ngozi ya punda inachemshwa kutengeneza dawa inayoitwa ejiao, na ngozi nyingi zinatoka Afrika. Hapa Kenya machinjio manne ya punda yalipewa leseni kuanzia mwaka 2016, na mojawapo lilikuwa hukuhuku Turkana. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000. Kumbe punda anachukua mimba karibu miezi 12 na kuzaa mtoto mmoja tu! Idadi ikapungua, wizi ukaongezeka, na akina mama waliomtegemea wakarudi kubeba maji kichwani.

Serikali ilipiga marufuku kazi hiyo Februari 2020, lakini mwaka 2021 mahakama ikaondoa marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda katika bara lote. Hata hivyo, azimio la wakuu halimlindi punda aliyefungwa nyuma ya nyumba yako. Unamlinda wewe.

Utamjuaje mtu wa ngozi? Haulizi punda anavuta namna gani. Haangalii kwato wala meno. Anataka kuchukua leo, usiku ikiwezekana, na hajali kama ni mgonjwa au mzee. Pia usitangaze kwamba unatoa punda bure. Cha bure kinamvuta kila mtu, na wa kwanza kufika ni yule mwenye lori.

Jambo lingine liulizwe bila aibu. Kuna jamii zinazokula nyama ya punda na kuna zisizokula. Kila mtu na desturi yake, hatumlaumu yeyote. Lakini kama unataka punda wako aendelee kuishi na kufanya kazi, sema wazi mapema, na msikie anajibu nini.

Nenda ukaone kwake

Mtu akisema anapenda punda, usitosheke na maneno. Nenda kwake, tena bila kumwambia saa utakayofika. Angalia punda alio nao. Je, wana vidonda mahali nira na kamba zinapokaa? Mbavu zinahesabika? Kwato zimerefuka mpaka punda anachechemea? Ukimkaribia na mkono umeinua, anarudi nyuma kwa hofu? Punda haongei, lakini mwili wake unasema yote.

Halafu uliza maji yanatoka wapi. Punda anahitaji lita 10 hadi 25 kwa siku kufuatana na joto na kazi. Kwa joto letu hesabu karibu dumu zima la lita 20. Uliza pia kivuli kiko wapi mchana, na usiku analala wapi ili mwizi na fisi wasimpate. Angalia takataka pia, maana punda akila mifuko ya plastiki tumbo linaziba na anaweza kufa.

Usisahau majirani zetu wenyeji. Kwa Waturkana punda ni wa akina mama: ndio wanaomfunga vyombo, na hata watoto wadogo, familia inapohama. Mama mwenye punda watatu wenye afya anaweza kuwa nyumba nzuri kuliko kijana wa kambini anayejaribu biashara kwa mara ya kwanza. Na kama punda anapelekwa mbali, ulizeni kwanza ofisi ya mifugo kuhusu kibali cha kumhamisha, msije mkasimamishwa njiani.

Punda naye ana rafiki

Hili wengi hawalijui. Punda wawili waliokaa pamoja miaka mingi wanashikamana sana. Ukiwatenganisha ghafla, mmoja anaweza kukataa chakula. Na punda asiyekula hana muda mrefu: mafuta ya mwilini yanaingia kwenye damu kupita kiasi, ini linashindwa kazi, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo kama wako wawili, waondoke wawili. Kama haiwezekani, apelekwe mahali penye punda wengine, na mwenye nyumba mpya amwangalie sana wiki ya kwanza. Akipitisha siku nzima bila kula, aitwe daktari wa mifugo haraka. Mtu asiseme "ni kiburi cha punda." Punda ana tabia ya kuficha maumivu, na ukiona amenyamaza na kuinamisha kichwa, ujue ameshaumia vya kutosha.

Andikeni karatasi

Hata kama mnunuzi ni rafiki, andikeni. Karatasi mbili, kila mmoja na yake, na mwenyekiti wa bloku awe shahidi. Ndani yake wekeni mambo haya:

1. Majina, namba za simu na tarehe.
2. Alama za punda: rangi, umri, kovu, jike au dume.
3. Bei, na siku ya kulipa.
4. Wiki mbili za kujaribu. Mambo yakienda vibaya, anarudishwa.
5. Safari ikivunjika, punda anarudi kwa mwenyewe.
6. Mnunuzi akishindwa kumtunza, atamwambia kwanza ndugu au jirani mliyemchagua, kabla ya kuuza kwa mtu mwingine.

Sema na ubaya wake pia. Kama anauma, kama anaogopa pikipiki, kama mguu mmoja unamsumbua, sema. Ukificha, mnunuzi atamchapa kwa kosa asilolijua, au atamuuza mwezi huohuo kwa yeyote.

Akiwa mzee au mgonjwa

Punda akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 25 au 30, hata zaidi. Kwa hiyo wa miaka kumi bado ni kijana na atapata mtu. Lakini yule ambaye hawezi tena kusimama vizuri, tafadhali usimsukumie mwingine. Atauzwa leo na kesho mpaka afike kwa mtu mbaya kuliko wote. Muulize daktari wa mifugo. Kama hapana matibabu, kumpumzisha bila maumivu, wewe ukiwa karibu, kuna heshima kuliko kumwacha atangatange sokoni akitafuta maganda.

Na watoto wetu

Wazazi, msimtoe punda watoto wakiwa shule. Watoto wa kambi wameshaona vitu vingi vikitoweka bila kuaga. Waambieni mapema anaenda wapi. Halafu wapeni kazi: waandike ukurasa mmoja juu ya punda, jina analoitikia, majani anayopenda, kitu anachoogopa, mahali anapopenda kukunwa. Ukurasa huo uende pamoja naye kwa mwenye nyumba mpya. Utamsaidia kweli, na mtoto atajua ameaga.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Lakini yeye amebeba maji yetu miaka yote hii. Siku ya kuachana naye, basi, teke lisitoke kwetu.