Papa potwe
Papa potwe (jina la kisayansi: Rhincodon typus) ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na spishi pekee ya familia Rhincodontidae. Huishi katika bahari zenye maji ya joto, ikiwemo Bahari ya Hindi. Nchini Tanzania anajulikana hasa katika Kisiwa cha Mafia. Kwa ukubwa wake watu wengine humdhania kuwa nyangumi, lakini nyangumi ni mamalia mwenye mapafu, ilhali potwe ni samaki wa gegedu anayepumua kwa matamvua.

Maumbile na chakula
Potwe aliyekomaa anaweza kufikia urefu wa mita 12 au zaidi. Mgongo wake ni wa kijivu wenye madoa meupe. Mpangilio wa madoa hayo hutofautiana kati ya potwe mmoja na mwingine, kama alama za vidole vya binadamu, hivyo watafiti huwatambua kwa picha.

Kinywa chake kipana kimekaa mbele ya kichwa, si chini kama cha papa wengi. Hata hivyo si hatari kwa watu. Ana meno mengi madogo sana ambayo hayatumii kutafuna. Huvuta maji kinywani na kuyachuja, akibaki na planktoni, uduvi, mayai ya samaki na samaki wadogo.

Uzazi
Mayai huanguliwa tumboni mwa mama. Mwaka 1995 jike aliyevuliwa Taiwan alikutwa na viinitete takriban 300. Potwe hukua polepole na huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa.

Potwe wa Mafia
Huonekana zaidi karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Wengi wao ni madume ambayo hayajakomaa. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wengi hawahami msimu ukiisha, bali husogea mbali na ufuko na kwenye kina kirefu zaidi, wasikoonekana kirahisi.

Katika masimulizi
Nchini Kenya huitwa pia papa shilingi. Husimuliwa kwamba Mungu alipendezwa naye akamrushia sarafu za fedha, nazo zikabaki mgongoni kama madoa. Nchini Madagaska huitwa marokintana, maana yake "nyota nyingi".

Uhifadhi
Tangu mwaka 2016, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) umemweka katika kundi la spishi zilizo hatarini kutoweka. Huvuliwa, hugongwa na meli na hunaswa nyavuni. Huko Kilindoni wavuvi na potwe hufuata samaki wadogo walewale, hivyo mara nyingine potwe huzingirwa na wavu. Eneo hilo liko nje ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Kwa sababu hiyo, usalama wake hutegemea sana wavuvi wanaoshusha wavu ili atoke. Potwe hai pia huleta mapato ya utalii kisiwani. Wageni huogelea karibu naye, lakini hawatakiwi kumgusa.