Somo Lisiloingia Kwenye Divisheni

Mwaka jana, shule za kidato cha tano zilipokuwa zinakaribia kufunguliwa, mama mmoja muuza mawese wa hapa Mwandiga alinisimamisha njiani, dumu likiwa kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, mwalimu, CBG ndiyo nini? Binti yangu kapangiwa huko."

"Ni Kemia, Baiolojia na Jiografia."

"Afadhali. Hesabu zimemuacha salama."

Nikamwambia bado hazijamuacha, kuna BAM. Akalitua dumu chini. "Na hiyo bamu ndiyo mdudu gani?"

Sikumcheka, maana hata mimi mwenyewe niliingia kidato cha tano bila kujua mdudu huyo ni nani, na nilikuja kumjua alipokwisha kuniuma.

Mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne hujaza selfomu na kuchagua tahasusi, yaani masomo matatu atakayoyabeba miaka miwili, yakiandikwa kwa herufi za mwanzo za majina yake ya Kiingereza. Hapo ndipo hisabati inapogawanyika njia tatu. Anayekwenda PCM, PGM au EGM anasoma Hisabati ya Juu, ambayo wanafunzi huiita Advansi, na kwake ni somo kamili kama Fizikia au Uchumi. Wa PCB, CBG au HGE anasoma hisabati tumizi ya msingi, ndiyo BAM yenyewe, pembeni ya masomo yake matatu. Wa HGL au HKL ameagana na hesabu kidato cha nne, na wengi wao huaga kwa furaha. Tangu 2024 Serikali imeongeza tahasusi hadi kufika 65, kwa hiyo herufi zimekuwa nyingi na wazazi wanauliza zaidi, lakini swali la kumuuliza mwanao ni lile lile: humo ndani kuna Advansi, kuna BAM, au hakuna kitu?

Advansi ni mlima, na haina haja ya kupambwa. Kwa muundo niliokutana nao mimi, ina karatasi mbili za saa tatu tatu. Ya kwanza ina maswali kumi na yote ni lazima, kila moja alama 10. Ya pili ina sehemu A yenye maswali manne ya lazima, alama 15 kila moja, halafu sehemu B ambako mtahiniwa anachagua mawili kati ya manne, alama 20 kila moja. Namba changamano, mantiki, vekta, yote yanamsubiri. Rafiki zangu wa PCM walikuwa wanalala na daftari kifuani, nasi wa PCB tukiwapita tunawapa pole.

BAM ina karatasi moja tu, nayo maswali kumi ya lazima. Ndani yake mna takwimu, uwezekano, logi, matriki na kalkulasi kidogo. Ukiitazama juu juu ni nyepesi. Hatari yake iko mahali pengine kabisa: haihesabiwi kwenye divisheni.

Baraza la Mitihani linapopanga divisheni za kidato cha sita huchukua masomo matatu ya tahasusi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Jumla ya 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, na hivyo hivyo kushuka. BAM na lile somo la maarifa ya jumla, ambalo sote tunaliita GS, yanaonekana kwenye matokeo lakini hayaongezi wala kupunguza pointi. Mwambie kijana wa miaka 18 kwamba kuna somo lisilohesabiwa, halafu uone atalisoma lini.

Sisi hatukulisoma. Shule niliyosoma haikuwa na mwalimu wa BAM kwa karibu mwaka mzima, na alipopatikana akapewa kipindi cha Jumamosi mchana, saa ya kufua. Daftari langu lilikuwa na kurasa sita zilizoandikwa. Mei nikaingia kwenye chumba cha mtihani na hizo kurasa sita. Matokeo yakatoka: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D. Pointi 11, divisheni ya pili. Nyumbani tulichinja kuku. BAM ilikuwa F na hakuna aliyeiuliza, si baba, si majirani, hata mimi sikuitazama mara mbili.

Aliyeiuliza ni chuo. Nilitaka kusomea kompyuta. Masharti ya kozi niliyoiomba yalisema kwamba asiye na Advansi awe na angalau S kwenye BAM, au C kwenye hisabati ya kidato cha nne. S huanzia alama 35. Cha nne nilikuwa na D. Milango yote miwili ikafungwa siku moja, na kufuli ni somo nililolifanya la kufulia nguo. Nikaenda ualimu wa Kemia na Baiolojia, ambao sijutii, lakini BAM nilikuja kujifunza baadaye kwenye madaftari ya mdogo wangu, peke yangu, usiku.

Huko ndiko nilikogundua kwamba ni somo tamu. Chukua fundi bati anayetaka kutengeneza kopo la duara la lita 20 la kuwekea mawese, lenye kitako na kifuniko. Alifanye refu jembamba au fupi nene, ili bati litumike kidogo kabisa? Lita 20 ni sentimita za ujazo 20,000. Ukiita nusukipenyo r, eneo la bati linakuwa 2πr² jumlisha 40,000 gawanya kwa r. Tumia kalkulasi, tafuta pale eneo linapoacha kupungua kabla halijaanza kuongezeka, utapata r ni kama sentimita 14.7 na kimo kama 29.4. Yaani kimo kinalingana na upana. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu wa tuisheni, mmoja alikimbia kwao akaja na kopo na futi. Halikulingana, lilikuwa refu. Akataka kumfuata fundi!

Zipo shule ambako udadisi kama huo una alama. Pale International School of Tanganyika, Dar es Salaam, wanasoma Diploma ya IB, mtaala wa kimataifa. Huko hakuna anayeiaga hisabati. Hata anayependa fasihi atakwenda nayo hadi mwisho. Tangu 2019 wana kozi mbili, moja ya uchambuzi na nyingine ya matumizi, na kila moja ina ngazi mbili. Asilimia 20 ya alama hutokana na uchunguzi ambao mwanafunzi anauandika mwenyewe juu ya jambo alilolichagua. Ada yake si ya watu wa Mwandiga, tusidanganyane. Lakini yule mtoto wa kopo angekuwa huko, kopo lake lingekuwa alama.

Hapa kwetu alama ziko kwenye karatasi ya Mei, na karatasi haina huruma na vitu vidogo. Swali la kwanza la BAM kwa kawaida ni la kutumia kikokotozi. Binti wa yule mama aliniletea zoezi, majibu yote ya pembe yamekosewa ingawa njia ni sahihi. Nikamwambia abonyeze sini ya 30. Kikokotozi kikasema hasi 0.988. Kilipaswa kusema 0.5. Kumbe alikiacha kwenye radiani tangu wiki iliyopita, naye alikuwa ameanza kuamini kwamba yeye ndiye hana akili. Tulibadilisha, akarudia zoezi zima akiwa amekaa juu ya kreti ya soda, akapata yote isipokuwa moja.

Mzazi mwenye mtoto wa PCB, CBG au HGE, akija likizo usimuulize divisheni kwanza. Muombe daftari la BAM ulifungue mwenyewe, hata kama hujui kinachoandikwa humo. Kurasa tupu hazihitaji msomi. Ukizikuta, mlete. Nipo karibu na njia panda ya Manyovu, Jumamosi saa nane mchana, na nguo zangu siku hizi nafua Ijumaa.