Ruzuku ya Kupambana na Saratani: Pesa Ziende Wapi?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Kwa miaka mingi saratani imekuwa ugonjwa wa kunong'onezwa hapa nchini. Mtu akiugua husemwa tu kwamba "ana ule ugonjwa", na akifa tangazo la kifo husema amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Mnong'ono huo uligeuka kuwa mazungumzo ya hadharani mwezi wa Julai mwaka wa 2019. Katika mwezi huo mmoja tulimpoteza Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya Safaricom, kisha Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na hatimaye Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Wote watatu waliuawa na saratani. Watu wakaanza kuulizana: ikiwa wakubwa wenye uwezo wa kutibiwa kokote wanashindwa, sisi kina yahe tutapona kweli?

Jawabu ni kwamba saratani hazifanani. Zipo ambazo hata tajiri hazimwachi. Lakini zipo nyingine, hasa ile ya matiti na ile ya mlango wa kizazi, ambazo zikigunduliwa mapema hutibika. Kwa hizi, kinachomtenganisha anayepona na anayekufa mara nyingi ni siku aliyofika hospitalini.

Mpenzi msomaji, katika makala haya nataka kueleza juu ya ruzuku, yaani zile pesa ambazo vikundi vya jamii hupewa ili viwahamasishe watu wakapimwe saratani mapema. Zinalengwa hasa kwa wale ambao huduma haziwafikii: maskini, wakaazi wa mitaa ya mabanda, wafugaji walio mbali na barabara, watu wenye ulemavu na wasioelewa lugha ya hospitali. Hoja yangu ni moja tu. Kumwambia mtu akapimwe hakutoshi. Pesa zenye faida ni zile zinazomshika mkono kutoka mlangoni kwake mpaka apate matokeo, na ikibidi, apate tiba.

Kwanza tuelewane: ruzuku ni nini? Si mkopo, kwa maana hairudishwi. Wala si harambee, ambapo kila mtu anatoa alicho nacho na mambo yanaishia hapo. Ruzuku hutolewa na serikali, shirika au wakfu, na huja na masharti. Kikundi huandika ombi, kikaeleza shida iliyopo, kitakachofanya, watu wangapi watafikiwa na kila shilingi itatumika vipi. Kwa kawaida huhitajika kiwe kimesajiliwa, kiwe na akaunti ya benki na viongozi wanaojulikana. Kazi ikiisha, ripoti inaandikwa na hesabu inatolewa. Asiyetoa hesabu asitarajie kupewa tena.

Pili, kupimwa mapema ni kupi? Tuchukue mfano mmoja, na ashakum si matusi. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vinavyoambukizwa kwa njia ya kujamiiana, na mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Visiposhindwa, huanza kubadilisha chembechembe za mlango wa kizazi polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida, mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na virusi vya UKIMWI bila kutibiwa, huchukua miaka 5 hadi 10. Yaani adui huyu hutembea kwa mwendo wa kobe, na bado hutushinda mbio!

Njia moja ya kupima ni rahisi mno. Mhudumu hupaka mlango wa kizazi dawa ambayo kwa kweli ni siki iliyozimuliwa, halafu husubiri kama dakika moja. Penye kasoro huwa peupe. Hapo mwanamke anaweza kutibiwa, pengine siku iyo hiyo, kabla saratani yenyewe haijazaliwa. Siku hizi kuna pia kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wanawake waanze kupimwa wakifika miaka 30, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze wakiwa na miaka 25.

Licha ya urahisi huo, makadirio ya kimataifa ya mwaka wa 2020 yalionyesha kwamba hapa Kenya wanawake 5,236 walipatikana na saratani hii katika mwaka mmoja na 3,211 wakafa. Ukipiga hesabu ni karibu watu tisa kila siku. Na uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 uligundua kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 30 hadi 49, ni kama 16 tu waliokuwa wamewahi kupimwa.

Kwa nini hawaendi? Mwaka jana nilipata nafasi ya kusikia jawabu kutoka kwa wenyewe. Shangazi yangu ni katibu wa chama cha kina mama mtaani kwetu. Chama kilikuwa kinaandika ombi la ruzuku kwa ajili ya kazi hii, naye akaniita nikawe mwandishi wao kwa vile, eti, mimi ni mtu wa Chama cha Kiswahili. Nilikaa pembeni na daftari langu nikaandika yaliyosemwa.

Bajeti ya kwanza ilikuwa na fulana, kofia, mabango, hema, vipaza sauti, chai na mandazi, na bahasha ya mgeni wa heshima. Wengi walikuwa wameridhika nayo. Ndipo nyanya mmoja anayeuza mboga kando ya barabara akaomba kusema. "Madam katibu, fulana mimi ninazo tele, hata za wanasiasa. Kile sina ni nauli ya kwenda na kurudi, na mtu wa kuniangalilia mboga nikienda."

Baada yake maneno yakafunguka. Mmoja akasema anaogopa kupimwa na daktari mwanamume. Mwingine akasema mumewe atamuuliza amefanya nini huko hata akapimwe sehemu hizo. Wa tatu alikuwa amepimwa mwaka uliotangulia katika kambi ya siku moja, akaambiwa atapigiwa simu, na simu haikulia. Hakujua kama ni mzima au ni mgonjwa. Hakuna hata mmoja aliyesema hakuwahi kusikia habari za saratani.

Hebu sasa tuvuke bahari twende Marekani, kwa maana huko swali hili hili la pesa ziende wapi lilikwisha kupimwa kwa hesabu. Mwaka wa 1967 daktari mpasuaji aitwaye Harold Freeman alianza kazi katika hospitali ya Harlem, mtaa wa watu weusi wengi, na maskini wengi, katika jiji la New York. Wanawake walikuwa wanamjia na uvimbe mkubwa katika matiti wakati mambo yameshaharibika. Freeman na wenzake waliangalia rekodi za wanawake 606 waliotibiwa hapo saratani ya matiti kati ya 1964 na 1986. Karibu nusu walifika ugonjwa umeshafika hatua ya tatu au ya nne. Katika kila 100, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa 39 tu.

Mwaka wa 1979 Freeman alianzisha huduma ya kupima matiti bila malipo. Lakini aligundua jambo ambalo yule nyanya wa mboga angemwambia bure: mtu anaweza kupimwa, akaambiwa kuna uvimbe wa kutiliwa shaka, kisha asionekane tena. Fomu zinamshinda, bima hana, kazini haruhusiwi, na woga umemjaa. Basi mwaka wa 1990, kwa ruzuku ya Shirika la Saratani la Marekani, alianza mpango wa waongozaji wa wagonjwa. Hawa hawakuwa madaktari. Kazi yao ilikuwa kumfuata kila mgonjwa mwenye shaka, kumsaidia kujaza fomu, kumtafutia malipo, kumkumbusha tarehe na kumtuliza moyo.

Matokeo yakawaje? Miongoni mwa waliopata mwongozaji, zaidi ya wanane katika kila kumi walikamilisha kipimo cha kukatwa kinyama kidogo ili kithibitishwe. Miongoni mwa wasiompata, walikuwa zaidi kidogo tu ya nusu. Baadaye Freeman aliangalia wagonjwa 325 wa kati ya 1995 na 2000. Safari hii, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa 70 katika kila 100. Kutoka 39 hadi 70! Ni kweli dawa nazo zilikuwa zimeboreka katika miaka hiyo, lakini dawa haimsaidii ambaye hakufika.

Wakati huo huo bunge la Marekani lilipitisha sheria, mwaka wa 1990, ya kuyapa majimbo ruzuku za kuwapima saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi wanawake wa kipato cha chini. Sheria hiyo iliweka sharti ambalo mimi nimelipenda sana: angalau asilimia 60 ya pesa zitumike kwa huduma yenyewe ya kupima na kufuatilia, na uhamasishaji na usimamizi vigawane kinachobaki. Hata hivyo shimo moja lilibaki. Mwanamke alipimwa bure, akapatikana na ugonjwa, halafu hana pesa za tiba. Ilibidi sheria nyingine ipitishwe mwaka wa 2000 kuyaruhusu majimbo kuwalipia matibabu wale waliogunduliwa kupitia mpango huo.

Sisi hapa Kenya si kwamba hatuna pa kuanzia. Chanjo ya kuzuia virusi vya saratani ya mlango wa kizazi ilizinduliwa Mombasa mwezi wa Oktoba 2019, ikilengwa kwa wasichana wa miaka 10. Baadhi ya wasichana wanaosoma makala haya huenda waliipata, ingawa aliyechanjwa bado anapaswa kupimwa akifika umri. Isitoshe, mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaokwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na mikoba ya vifaa. Hao ni watu wa mtaa ule ule, wanajua mlango wa nani unafungwa saa ngapi. Ruzuku ya kikundi ikishirikiana nao, haianzi kutoka sufuri.

Chama cha shangazi kiliandika bajeti upya. Fulana zilifutwa zote. Hema likabaki, kwa sababu ya jua. Pesa nyingi zikaenda kwa nauli, kwa simu za kufuatilia matokeo, na kwa posho ya kina mama wawili watakaowasindikiza wenzao mpaka hospitali ya kaunti iwapo watatumwa huko. Pia walitenga siku ya kuzungumza na waume. Ombi limepelekwa na jibu bado halijaja. Kama watapewa au watanyimwa, sijui. Lakini najua wameomba kitu cha maana.

Kutokana na hayo yote, wenzangu, nimejifunza maswali manne ya kuuliza popote nitakaposikia mradi wa aina hii. Nani atampeleka asiyeweza kwenda? Nauli itatoka wapi? Matokeo yatamfikia kwa njia gani na baada ya siku ngapi? Na akipatikana ana ugonjwa, atatibiwa wapi na kwa pesa za nani? Mradi usio na majibu ya maswali haya ni sherehe tu, hata kama mabango yake yanapendeza.

Shule zikifungwa tutarudi nyumbani kwa mama zetu, shangazi zetu na nyanya zetu. Usione haya kuuliza kama amepimwa. Akisema bado, usimhubirie. Muulize zahanati iko wapi, anaweza kwenda siku gani, na wewe ubaki ukiangalia mboga.