Kabla hujanunua kiwanja Kibaha au Kisarawe, piga hesabu ya maji

Kama unaota kutoka Dar es Salaam, ununue eka moja, ufuge kuku, ulime mchicha na mihogo, jioni usikilize vyura badala ya bodaboda, hauko peke yako. Mara kwa mara mtu ananiuliza: "We umesoma mambo ya udongo, kati ya Kibaha na Kisarawe wapi panafaa?" Mwenyewe ameshalinganisha bei na umbali, anaona kazi imekwisha. Lakini hayo ndiyo rahisi. Kibaha iko kwenye Barabara ya Morogoro, kama kilomita 40 kutoka mjini. Kisarawe unapitia Pugu. Kote utafika. Swali gumu ni hili: mwezi wa Septemba utamwagilia nini?

Mama yangu mdogo alinunua eneo upande wa Kibaha mwezi wa Mei, kwa kiinua mgongo chake. Masika yalikuwa yanaishia, nyasi zimefika kiunoni, dalali anatabasamu. Kufika Agosti matuta yamekauka na hela ya mayai yote inaishia kwenye boza la maji. Hakutapeliwa, karatasi zake ni safi. Alikwenda tu kuangalia katika mwezi ambao kila kiwanja cha Pwani kinapendeza.

Hebu tupige hesabu. Mvua ya huku, masika na vuli pamoja, ni karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo paa la mita 100 za mraba linapokea lita 100,000. Hata ukipoteza moja ya tano, unabaki na 80,000. Nyingi, eti?

Sasa matumizi. Watu wanne, kila mmoja lita 50 kwa siku, ni lita 200. Bustani ya mboga ya mita 100 za mraba, wakati wa kiangazi, inataka kama lita 4 kwa kila mita: lita 400. Yaani bustani inakunywa mara mbili ya familia nzima! Jumla ni lita 600 kwa siku, na kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba zinafika 73,200. Kwenye karatasi paa linatosha. Tatizo ni kwamba maji yanakuja usipoyahitaji sana, na simtanki moja la lita 5,000 litakuvusha siku nane tu. Ungehitaji matanki 15, na hiyo ni hela ya kujenga vyumba.

Basi unarudi kwenye bomba au kisima. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, na Kisarawe mjini walifikiwa na bomba la DAWASA kutokea Kibamba mwaka 2020. Ila bomba kupita barabarani na maji kutoka kwako ni vitu viwili. Muulize jirani, usimuulize dalali: yanatoka siku ngapi kwa wiki? Ukitaka kuchimba kisima, pima chumvi kwanza, kwa sababu maji ya chini ukanda wa pwani mara nyingine yana chumvi. Minazi itavumilia. Maharage na karoti zitakususia.

Kuhusu udongo, watu wanabishana bure. Sehemu kubwa ya Kibaha ni mchanga. Kwenye vilima vya Pugu, jirani na Kisarawe, kuna kaolini, ule udongo mweupe. Vinaonekana tofauti kabisa, lakini vyote vina udhaifu mmoja: havishiki virutubisho vizuri. Mbolea ya dukani ukiimwaga kwenye mchanga, mvua kubwa inaondoka nayo. Kinachoshika ni mboji na samadi, kwa hiyo kuku wako wana kazi zaidi ya mayai. Ukitaka kujua una udongo gani, lowesha kiganja kimoja uuviringishe kama tambi. Ukikatikakatika ni mchanga. Ukikunjika bila kuvunjika, una mfinyanzi.

Halafu ardhi yenyewe ni ya nani? Ndani ya mji, kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliweka kikomo cha eka tatu, na ng'ombe wafugwe bandani. Nje ya mji unaingia kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambako kuna halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Muhuri wa mtu mmoja ofisini hautoshi. Kisarawe ongeza swali la mpaka wa misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Bei ikiwa chini kupita kiasi, tafuta bikoni za hifadhi kabla hujatoa hata shilingi.

Mimi ningechagua vipi? Kwa mboga za kuuza, Kibaha, pale tu maji yanapotoka kweli. Kwa mikorosho, mihogo na mizinga ya nyuki, ningekwenda Kisarawe bila kusita. Vyovyote vile, kiwanja ningekikagua Septemba.

Mama mdogo hajauza. Amebakiza matuta matatu karibu na jiko, anayamwagilia maji ya kusuuzia vyombo. Kwingine kote amepanda mihogo.